Kioo Kimevunjika, Mara Kimerudi!

Kuna ugomvi mmoja wa sebuleni ambao washauri wa ndoa hawaugusi kabisa. Mmejikalia kwenye kochi, bisi ziko katikati, mkanda umefika patamu, mara mwenzako anadaka rimoti: "Hebu rudisha kidogo. Kile kioo si kilishavunjika?" Basi, raha yote kwisha.

Tuchukue mkanda ambao wengi wetu tumeuona, iwe nyumbani au kwenye kibanda cha video: Terminator 2 wa James Cameron, uliotoka mwaka 1991. Kwa watafuta makosa, huu ni karamu. Pale T-1000, lile roboti la chuma cha majimaji, linapomkimbiza mtoto John Connor, lori linaruka kutoka juu ya daraja na kutua kwenye mfereji wa zege kwa kishindo. Vioo vya mbele vinachomoka. Picha inayofuata, vioo hivyo hapo, vimerudi mahali pake! Halafu stelingi wetu, Arnold Schwarzenegger, anaruka na pikipiki, na ukikodoa macho unaona sura si yake, ni ya yule anayemrukia. Inaonekana hata Cameron mwenyewe vitu hivi vilimkera, maana kwenye toleo la 3D la mwaka 2017 vilirekebishwa kwa kompyuta.

Ila mwenzako akihesabu mikono ya T-1000 ndani ya helikopta akapata zaidi ya miwili, usimcheke. Hilo si kosa. Roboti hilo linaota mikono ya ziada ili lirushe helikopta huku linafyatua risasi.

Makosa ya vioo mimi huyasamehe. Nisiyoyasamehe ni ya miaka. Kompyuta ya polisi kwenye Terminator 2 inaonyesha John amezaliwa Februari 28, 1985, ana miaka 10. Daktari wa hospitali ya vichaa anasema mama yake, Sarah, ana miaka 29. Mwaka 2003 ikaja Terminator 3, bila Cameron, na John mkubwa anatuambia wakati ule alikuwa na miaka 13! Kaburi la mama yake nalo limeandikwa 1959, kana kwamba bibie aliongezewa miaka sita akiwa amelala. Nahisi walichukua umri wa Edward Furlong, kijana aliyeigiza John, ambaye kweli alikuwa na miaka 13 walipokuwa wanarekodi. Huo ni uvivu, jamani. Kama hawajali tarehe ya kuzaliwa ya mtu wao, mimi nimlilie kwa nini?

Lipo pia tundu la safari yenyewe. Filamu ya kwanza, ya 1984, ilitufundisha kwamba mashine ya kusafiria wakati haipitishi kitu kisicho na uhai. Ndiyo maana roboti la Arnold limevikwa nyama juu ya chuma, na ndiyo maana wote wanatua uchi. Sasa T-1000, ambaye ni chuma mwili mzima, alipitaje? Filamu imenyamaza kimya.

Lakini tundu kubwa kuliko yote ndilo tamu. Baba yake John ni Kyle Reese, askari aliyetoka mwaka 2029 kuja 1984 kumlinda Sarah. Aliyemruhusu aje ni John mwenyewe. Na kabla ya hapo John alimpa Kyle picha ya Sarah bila kumwambia kwa nini, na kijana wa watu akaipenda sura ile kwenye karatasi mpaka akajitolea kwenda. Yaani John ni mshenga wa mama yake mzazi! Na mshenga huyu anajua kuwa bwana harusi hatarudi, atakufa siku chache tu baada ya kufika.

Sasa vita ikizuiwa, kama wanavyopigania kwenye Terminator 2, nani atamtuma Kyle? Asipotumwa, John anatoka wapi? Cameron alirekodi mwisho mwingine: Washington mwaka 2029, vita haikutokea, Sarah ni bibi kizee bustanini, John ni seneta na ana mtoto. Mwisho ule ulikatwa kabla filamu haijatoka, na mimi nasema afadhali. Ungeliweka tundu hadharani, mchana kweupe. Tulichopewa ni barabara ya usiku na sauti ya Sarah, hatujui iendako.

Hilo ndilo la kubishania, siyo vioo. Muulize mwenzio, mkanda ukiisha: ungekuwa wewe John, umemshika Kyle mkono kabla hajaingia kwenye ile mashine, ungemwambia yeye ni nani wako, au ungemwacha aende?