Mwanakandarasi akikosa kazi, amlilie nani?

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa kipimo hicho, dola ya Kenya bado haijawa rafiki wa mtu anayeishi kwa kandarasi. Fundi mwashi wa Ukunda, mwendeshaji bodaboda wa Lunga Lunga, mwongoza watalii wa Diani na mwalimu anayelipwa kwa vipindi alivyofundisha wote wamo katika jahazi moja. Dola huwajua siku ya kutoza na kuwasahau siku ya kukosa. Usahaulifu huo umeandikwa ndani ya sheria zenyewe, na kwa hivyo sheria zaweza kuufuta.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni mpakani Lunga Lunga. Watu wa upande huu na wale wa Horohoro, mkoani Tanga, husema lugha moja, huoana na huzikana. Lakini mmoja wao anapopoteza kazi, mambo hugeuka. Huko Tanzania, sheria za mwaka 2018 zilileta fao la kukosa ajira, mahali pa lile fao la kujitoa lililozoeleka. Mwanachama aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18, ambaye hajafika umri wa miaka 55 na hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake wa mwisho kwa miezi 6. Aliyekuwa akipokea shilingi 600,000 za huko atapata takriban 200,000 kila mwezi. Si fedha za kujengea ghorofa, lakini zaweza kumweka mtoto shuleni hadi muhula uishe.

Upande wa Kenya hakuna mfuko wa namna hiyo. Kilichopo ni kiinua mgongo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe ilani ya mwezi mmoja, kisha amlipe kila anayeondoka mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Aliyefanya kazi miaka 8 kwa mshahara wa shilingi 30,000 ataondoka na kama 120,000. Malipo haya, hata hivyo, hutoka mfukoni mwa mwajiri. Mwajiri akifilisika au akitoroka, mfanyakazi hubaki na hukumu ya mahakama mkononi pasipo wa kumlipa.

Yatazame sasa mafao hayo mawili kwa jicho la mwanakandarasi. Fao la Tanzania limejengwa juu ya mshahara, naye hana mshahara. Kiinua mgongo cha Kenya kimejengwa juu ya mwajiri, naye hana mwajiri. Kwa macho ya sheria, mtu ambaye hakuajiriwa hawezi kuachishwa kazi. Ubaya ni kwamba njaa haisomi vifungu vya sheria kabla ya kubisha hodi.

Kwale ina ushahidi wa kutosha. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipoporomoka mwaka 1988, hawakuumia waliokuwamo katika daftari la mishahara pekee. Waliumia pia wakulima wa miwa, wenye matrekta, wapakiaji na mama lishe. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilikomesha uchimbaji wa madini ya titani katika kaunti hii, miaka kama kumi tu baada ya shehena ya kwanza kupakiwa melini Likoni. Mfanyakazi wa kudumu wa mgodi hulindwa na kifungu cha kiinua mgongo. Mwenye gari la kukodi, msambazaji mboga na fundi aliyeitwa kazi ilipokuwapo hawana kifungu chochote. Mgodi umefungwa kwa wote, lakini sheria imeona kundi moja.

Nako mpakani, riziki yaweza kukatika bila mtu yeyote kufuta mwenzake kazi. Mnamo Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kuendesha biashara kadhaa ndogo ndogo, zikiwamo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ukarabati wa simu, saluni na uongozaji watalii. Tuseme yuko kijana Mkenya aliyekuwa akivuka kila asubuhi kwenda kutengeneza simu. Amri kama hiyo yampokonya kazi sawasawa na barua ya mwajiri, ila hana barua ya kuonyesha, na hata angekuwa nayo hana ofisi ya kuipeleka.

Watetezi wa hali iliyopo hutoa hoja isiyo ya kupuuzwa. Wanauliza: mtu aliyejiajiri, utajuaje kwamba amekosa kazi? Leo amelala, kesho amepata kibarua cha siku moja, keshokutwa ameuza kuku. Mfuko utakaomlipa kwa neno lake mwenyewe utakauka kabla ya msimu wa mvua. Hata Afrika Kusini, yenye bima ya ukosefu wa ajira inayochangiwa asilimia 1 na mfanyakazi na asilimia 1 na mwajiri, imewaacha nje waliojiajiri.

Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama dola ingekuwa kweli haimjui mtu huyu. Lakini tangu Oktoba 2024, bima mpya ya afya ya jamii humkadiria mapato yake kwa kumuuliza maswali juu ya nyumba na mali yake, kisha humpangia mchango wa asilimia 2.75, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Biashara yake ikifikisha mauzo ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, kodi ya mauzo humsubiri. Ikiwa mizani ipo ya kupima alichonacho, haiwezekani isiwepo ya kupima alichopoteza.

Mizani yenyewe tunayo nchini. Kaskazini mwa Kenya, bima ya mifugo ilianza Marsabit mwaka 2010, na serikali ikaanzisha mpango wake mwaka 2015. Bima hiyo haimtumi mtu kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima malisho kutoka angani. Yakipungua kupita kiwango kilichowekwa, wafugaji wa eneo hilo hulipwa. Kinachopimwa ni janga lenyewe, kwa hiyo hakuna nafasi ya kudanganya. Utaratibu huo waweza kuhamishiwa kwa wanakandarasi. Mgodi ukifungwa, mpaka ukizuiwa au hoteli za Diani zikifunga milango kwa amri ya serikali, tukio hilo liwe ndilo ithibati, na kila mchangiaji aliyesajiliwa katika kazi inayohusika alipwe kiasi kilichopangwa kwa miezi michache. Aliyelala nyumbani kwa uvivu hatapata kitu, kwa kuwa uvivu wake haukufunga mgodi.

Jambo hili lilikwisha kujaribiwa mwaka 2020, ulimwengu ulipofungwa na korona. Marekani, ambayo kwa miongo mingi haikuwa na fao la waliojiajiri, iliwafungulia mlango kwa sheria ya Machi mwaka huo, na malipo yakaendelea hadi Septemba 2021. Uingereza iliwalipa wa kwao kwa kutazama wastani wa faida walizotangaza miaka iliyotangulia. Kwetu, shule zilifungwa Machi 2020 na walimu wengi wa shule za kibinafsi wakakaa miezi bila mshahara. Msomaji aliye mwalimu hahitaji kukumbushwa.

Lipo kundi jingine, na dawa yake ni tofauti. Hawa huitwa wanakandarasi ilhali wana bwana mmoja, saa za kuingia na kutoka, na sare ya kazi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba wa mwezi. Mahakama ya Ajira nayo hutazama uhalisia wa kazi kuliko jina lililoandikwa juu ya karatasi. Aliye katika hali hii na atunze ratiba, risiti na ujumbe wa simu unaomwagiza kazi, tena asikae na dai lake, maana sheria humpa miaka 3 tu.

Yamkini msomaji atasema kwamba mfuko mpya ni shimo jipya la ufisadi. Hofu hiyo ina msingi. Hazina ya malipo ya uzeeni, NSSF, ilishutumiwa katika miaka ya 1990 kwa kununua viwanja kwa bei za kuruka. Lakini dawa ya mlinzi mwizi ni kumbadilisha mlinzi. Wachangiaji wenyewe, vyama vya bodaboda, vya mafundi na vya wavuvi, wawe na viti katika bodi, na hesabu zisomwe hadharani kila mwaka.

Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kuitaka dola iwasaidie wasioweza kujikimu. Haikusema kila mwajiriwa. Ilisema kila mtu. Wanafunzi wanaosoma leo Msambweni na Lunga Lunga wataingia katika soko ambamo wengi wao hawataandikwa kazi na yeyote. Wabunge wa Pwani wanaoomba kura za vijana hao na waulizwe wana mswada gani kwa siku kazi itakapokatika. Asiye na jibu atakuwa amejieleza.