Kabla ya Tiketi ya Mombasa, Ongeeni Pesa

Wikendi ya watu wawili Mombasa haiharibiwi na mvua. Huharibiwa na pesa, na mara nyingi huharibika Jumamosi jioni, bili ikishaletwa mezani na kila mmoja anaangalia simu ya mwenzake. Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaoyapinga: wapenzi wasikate tiketi kabla hawajakaa chini wakaambiana, kwa namba kabisa, kila mmoja ana ngapi na nani atalipa nini.

Kuna wale husema mazungumzo kama hayo yanaua mapenzi. Ati safari tamu ni ile ya ghafla, mnaamka Ijumaa mnaingia treni. Sawa. Lakini hiyo ghafla huwa na mtu anayeilipia, na mtu huyo mara nyingi ananyamaza kwa sababu ya aibu. Anafuliza kulipia samaki, anafuliza tuktuk, halafu Jumatatu mtu akimtumia pesa aliyokuwa akiisubiri, inakatwa kabla hajaiona. Overdrafti ya simu ni msaada mzuri stima ikikatika usiku au mtoto akiugua. Kwa mtoko wa raha, mimi siiungi mkono hata kidogo, manake ada yake inaendelea kuhesabika siku baada ya siku ilhali raha ilishaisha.

Halafu kuna hii desturi yetu kwamba mwanaume ndiye hulipa. Mimi ni mwanamke, ninafanya kazi, na sioni heshima yoyote katika kumwacha kijana wa watu ajifanye tajiri kwa siku mbili halafu ale sukuma na ugali wa deni mwezi mzima. Akitaka kunialika na ana uwezo, asante sana, nitavaa nipendeze. Ila aniambie ukweli wa mfuko wake kwanza.

Hebu tufanye hesabu yenyewe

Tuchukue safari ya Nairobi kwenda Mombasa kwa treni ya SGR. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka mwisho hadi mwisho ni shilingi 1,500. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni 6,000. Hiyo ndiyo namba pekee kwenye safari hii ambayo haina maneno mengi. Zilizobaki ni makadirio yangu, nanyi mtaweka yenu. Sema mmepata chumba safi cha 3,500 kwa usiku, mkalala Ijumaa na Jumamosi: 7,000. Chakula tuweke 4,500. Tuktuk, matatu na usafiri wa kufika na kutoka steshoni, 3,000. Viingilio na starehe ndogondogo, 2,000. Jumla 22,500. Ongezeni 2,500 ya dharura, mnafika 25,000.

Mkigawana sawa, kila mtu ni 12,500. Ukiweka 1,250 kila wiki, umefika baada ya wiki kumi. Kwa hivyo kama mnataka kwenda mwezi wa tano, mazungumzo haya ni ya mwanzo wa mwezi wa tatu, si ya Jumatano kabla ya safari. Na mwezi wa tano si mbaya. Mvua za masika huwa zipo Pwani, lakini vyumba haviko katika bei ya Agosti na Desemba. Wikendi ndefu za sikukuu na ile ya Valentine ningeziacha zipite. Bahari ni ileile.

Nusu kwa nusu, hata hivyo, si lazima iwe ndiyo haki. Kama mmoja anapata 60,000 na mwenzake 30,000, kugawana sawa maana yake ni kwamba mmoja anatoa mabaki na mwingine anatoa kodi ya nyumba. Hapo afadhali aliye na mara mbili atoe theluthi mbili. Na kama hata theluthi moja ni nzito, basi safari ni fupi kuliko pesa mlizodhani mnazo: punguzeni usiku mmoja, au nendeni Nakuru au Naivasha asubuhi mrudi jioni. Hakuna aliyekufa kwa kutofika Mombasa.

Msitumiane pesa kila bili

Hapa ndipo naona wengi wakipoteza pesa bila kujua. Mmoja analipa chakula, mwingine anamtumia nusu yake. Mmoja analipa tuktuk, mwingine anatuma tena. Mara nyingi kutuma kuna ada, na kufika Jumapili mmelipa ada za mahamri ambayo hamkula. Bora mgawane aina za matumizi. Kwa hesabu yetu ya juu, mmoja abebe treni na chumba, ambayo ni 13,000. Mwenzake abebe chakula, usafiri wa mjini, viingilio na ile dharura, ambayo ni 12,000. Tofauti ni elfu moja tu, na huyo wa pili ndiye atakayenunua mabuyu na achari za kurudi nazo.

Mpango huu una faida nyingine ambayo haisemwi sana: pesa inakaa kwenye simu mbili. Simu moja ikiibiwa kwenye msongamano wa feri ya Likoni, au ikianguka kwenye maji ya chumvi, bado mna pesa ya kula na kurudi nyumbani. Na kwa sababu kila mtu analipa kwa simu yake, hakuna haja ya kupeana PIN. Najua mtaniambia, sisi tunaaminiana. Aminianeni kabisa, lakini PIN ibaki ya mtu mmoja. Mpenzi anayekasirika kwa sababu hujampa PIN anakuomba kitu ambacho hata mtoa huduma wako hana ruhusa ya kukuomba.

Mkiwa kule, lipeni kwa till kila mahali inapokubalika, kwa sababu mteja hakatwi ada. Pesa taslimu mtahitaji kidogo, ya madafu na tuktuk wa zamani asiyetaka mambo ya simu. Toeni mara moja tu. Kwa ada za M-Pesa, kutoa 1,000 kwa wakala ni shilingi 29, kwa hivyo ukitoa elfu moja mara tano umelipa 145. Ukitoa 5,000 kwa mpigo ni 69. Na pawabanki msisahau, maana simu ikizima ndiyo pochi imefungwa.

Chumba cha picha tu

Katika safari hii yote, hatari kubwa iko kwenye chumba. Mtu anaona tangazo mtandaoni, picha za kitanda cheupe na bahari dirishani, bei ya kushangaza, na namba ya WhatsApp. Anaambiwa kuna wateja wengine watatu wanaingoja nyumba hiyohiyo, atume deposti sasa hivi. Anatuma kwa namba ya mtu binafsi. Ijumaa usiku wanafika Nyali, mlinzi wa geti anawaambia hajawahi kusikia nyumba kama hiyo.

Nilisomea uuzaji chuoni, na nakuhakikishia kwamba haraka ni mbinu. Wauzaji halali huitumia, na matapeli wameiiga vizuri. Mwenye nyumba wa kweli hatakataa kukupigia simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue dirisha, akuonyeshe barabara. Kama mlimpata kupitia Airbnb au jukwaa lolote la kuhifadhi vyumba, lipeni humohumo kwenye jukwaa. Akiwaambia mtoke nje ili "apunguze ada", huyo mwacheni. Na kama ni hoteli au nyumba ya wageni ya kawaida, ombeni till au paybill, kisha lisome lile jina linalotokea kwenye simu kabla hujakamilisha malipo. Jina la biashara likiwa tofauti kabisa na hoteli mnayoenda, simamisha hapo na upige simu kuuliza.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi kwenye M-Pesa, unatuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba urejeshewe. Fanya hivyo papo hapo. Pesa ikishatolewa kwa wakala upande wa pili, kuirudisha ni ngumu sana, na tapeli huwa haipi muda wa kulala kwenye simu.

Neno "kuanzia" nalo, kwenye matangazo ya hoteli. "Kuanzia 4,000." Hiyo huwa ni bei ya Jumanne, mtu mmoja, bila kifungua kinywa. Ulizeni hivi: watu wawili, Ijumaa na Jumamosi, kifungua kinywa kikiwemo, jumla ni ngapi? Na jibu liwe la maandishi. Hoteli nyingi pia zitaomba vitambulisho vya wote wawili, msiviache.

Treni na mji wenyewe

Tiketi unakata kwa *639# au kwenye tovuti ya Kenya Railways. Za wikendi huisha mapema, kwa hivyo tiketi ya kurudi ikateni siku moja na ya kwenda. Pale steshoni ya Syokimau kuna ukaguzi wa mizigo, fikeni mkiwa na lisaa limoja mkononi. Treni ya saa nne usiku inavutia kwa sababu inaonekana kama mmeokoa pesa ya kulala. Lakini inawashusha Miritini kabla ya alfajiri, mji ungali giza, na vyumba vingi haviwapokei wageni mpaka mchana. Mtaanza raha yenu mkiwa mmechoka na mabegi mgongoni. Mkiweza kuomba ruhusa ya nusu siku, treni ya saa tisa alasiri siku ya Ijumaa ni nzuri zaidi, na Jumapili mnarudi na ile ya saa tisa pia.

Miritini si mjini, iko bara, na pale nje utapokelewa na madereva wengi wenye bei nyingi. Elewaneni kabla ya kupanda. Hivyo hivyo kwa tuktuk.

Na sasa habari njema, ambayo ndiyo inanifanya nipende Mombasa kwa watu wasio na pesa nyingi: yale mambo mazuri zaidi ni ya bei rahisi. Jumamosi asubuhi nendeni Mji wa Kale mle mahamri na mbaazi, mtembee kwenye vile vichochoro mkitazama milango ya kuchongwa na roshani za mbao. Vaeni kwa heshima, na mambo ya kushikana viuno yangojee, pale ni mtaa wa watu na misikiti yao. Hapo karibu ni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kiingilio cha Mkenya ni cha chini kuliko cha mgeni. Ingieni asubuhi kabla jua halijawa kali, mpande juu ya kuta, mtazame mkono wa bahari.

Mchana, ufuo wa umma wa Nyali hauna mlango wala bili. Kuvuka feri ya Likoni kwa miguu ni bure. Jioni, pale Mama Ngina, kuna mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu, kuna madafu, kuna viazi karai na bhajia, na meli kubwa zinapita karibu hivi kwamba mtapunga mkono. Watu wawili wakikaa pale saa tatu nzima, hawatatumia hata bei ya sahani moja ya hoteli ya kitalii. Hiyo pesa mliyookoa muitumie kwenye mlo mmoja mzuri, biriani ya nguvu au samaki wa kupaka, mle bila kuangalia upande wa kulia wa menyu. Mimi ningefanya hivyo Jumamosi usiku, nikijua tayari nani analipa.

Jumapili, mkiwa ndani ya treni, fungueni taarifa za miamala za simu zenu mlinganishe na ile hesabu ya mwanzo. Mtakuta mlizidisha kwenye tuktuk, karibu kila mtu huzidisha hapo. Na kama ile 2,500 ya dharura haikuguswa, msiigawane. Iacheni kwenye akiba, muanze kuuliza nauli ya Kisumu.