Mwalimu na Utamaduni wa Wanafunzi Wake: Uasili au Maarifa?

Kila linapotolewa tangazo la ajira au uhamisho wa walimu, swali moja hurejea katika mazungumzo ya wazazi, kuanzia baraza za Mji Mkongwe hadi vijiji vya pwani ya Kusini Unguja: je, mtoto afundishwe na mwalimu wa kwao, au mwalimu yeyote mwenye sifa anatosha?

Unguja ni kisiwa kidogo, lakini si cha utamaduni mmoja. Kiunguja cha mjini ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu, ambacho tangu mwaka 1930 kilisimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Makunduchi wana Kikae, na Tumbatu wana Kitumbatu. Mtoto anayeandika neno la nyumbani kwao huweza kukatwa alama na mwalimu asiyetambua kuwa hiyo ni lahaja. Vivyo hivyo, mwalimu asiyejua majira ya bamvua, wakati kina mama wa Paje na Jambiani wanaposhuka pwani kushughulikia mwani, huweza kuuita utoro jambo ambalo kwa familia ni jukumu.

Historia nayo ina funzo. Enzi za ukoloni, wazazi wengi wa vijijini walisita kuwapeleka watoto katika skuli za Serikali, wakaridhika na vyuo vya Qur-ani. Mahudhurio yaliimarika pale masomo ya Qur-ani yalipoingizwa ndani ya skuli hizo. Aidha, mpango wa skuli za maandalizi za Madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kuingia Zanzibar mwaka 1990, uliwafunza ualimu wanawake wa jamii husika. Wazazi waliwaamini kwa kuwa waliwajua.

Hata hivyo, kuufanya uasili kuwa sharti la ajira kungeleta madhara. Elimu bila malipo ilipotangazwa tarehe 23 Septemba 1964, baadhi ya walimu walikuwa wameshaondoka visiwani kufuatia Mapinduzi, na Zanzibar ilihitaji pia walimu kutoka nje. Hata leo, kijiji ambacho bado hakijatoa mhitimu wa fizikia kingebaki bila mwalimu wa fizikia, na watoto wake wangerithi upungufu wa wazazi wao. Sharti lililokusudiwa kuwalinda lingekuwa kifungo.

Mjini, sharti hilo lisingetekelezeka kabisa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na karibu nusu yao wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi. Darasa moja huweza kuwa na watoto wenye asili ya Pemba, Makunduchi, Nungwi na Tanzania Bara. Mwalimu wa huko atakuwa wa utamaduni upi?

Kwa hiyo, hoja ya msingi si mahali alipozaliwa mwalimu, bali kiasi anachoijua jamii anayoitumikia. Katika maandalizi na madarasa ya mwanzo ya msingi, ambako mtoto bado anategemea lugha ya nyumbani, ipo sababu nzuri ya kuwapa kipaumbele wenyeji wenye sifa. Katika sekondari, umahiri wa somo utangulie. Kwa ngazi zote, mwalimu mgeni anastahili kupokewa rasmi na sheha, kamati ya skuli na wazee, aelezwe mila, kazi na lahaja ya mahali hapo kabla hajaanza kusahihisha madaftari. Makaazi karibu na skuli nayo yana nafasi yake, kwani mwalimu anayerudi mjini kila adhuhuri huwajua wanafunzi wake kwa majina tu.

Wajibu huo ni wa pande mbili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu akija tayari kujifunza, na wazazi wakawa tayari kumfundisha, atakayepona ni mtoto.