Pikipiki ya umeme si baiskeli

Ndugu wazazi, twaulizwa iwapo chombo kisichotia petroli wala kutoa moshi chaweza kuhesabiwa baiskeli, ili kijana wa miaka 14 akipande bila leseni. La. Sheria ya Kenya haiangalii moshi. Chombo kisicho na pedali, kiendacho kwa mota tupu, ni pikipiki: husajiliwa, hukatiwa bima, na mpandaji huvaa helmeti.

Leseni nazo zina madaraja. A1, ya pikipiki ndogo ya cc 50 (kipimo cha zama za petroli, kama mwonavyo), huanzia miaka 16. A2 miaka 18. A3, ya kubeba abiria kwa nauli, miaka 21. Basi kijana wa bodaboda wa miaka 19, hata akiwa stadi, hajaruhusiwa.

Wenye jamaa Uingereza watasema huko mtoto wa miaka 14 huendesha ya umeme. Ni kweli, ila hiyo ina pedali, mota yake haizidi wati 250, na msaada wake hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa.

Mpita njia akivunjwa mguu na chombo kisicho na bima, fidia itadaiwa mlangoni kwenu. Kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji karatasi za usajili. Akisema hazihitajiki, rudini na fedha zenu.