Mahari kwa Ahadi, Shangingi kwa Taslimu

Leo nasema, na atakayeninunia aninunie.

Kuna mazungumzo nimeyachoka. Mwanamume anakuja kuposa, wazee wako ndani wanazungumza mahari, na nje barazani vijana aliofuatana nao wanazungumza magari. Crown ya mwaka gani ina taa za namna gani, Alphard ya nani ina viti vya ngozi, Harrier ya zamani (jina lake la mtaani siliandiki humu, ukurasa huu una heshima zake) inatofautianaje na mpya. Magari yakiisha wanahamia kwenye viatu: nani kavaa cha Italia, nani kavaa feki. Sina ugomvi na mtu anayependa gari. Qur'ani yenyewe katika Suratun Nahl inawataja farasi, nyumbu na punda kuwa wameumbwa wapandwe na wawe pambo. Ugomvi wangu unaanza pale mazungumzo ya barazani yanapoingia ndani na kukaa juu ya haki ya bibi harusi.

Huku kwetu Singida harusi haihesabiki mpaka msafara upite. Utoke msikitini, uzunguke mjini kwa honi, ushuke Ziwa Singidani watu wapigwe picha na upepo ukiwavua shela, halafu ndiyo uende ukumbini. Gari la mbele lazima liwe shangingi, na shangingi lazima liitwe V8. Land Cruiser mpya, ile ya 300 iliyotoka mwaka 2021, haina tena injini ya V8, ina silinda sita. Lakini nani atawaambia wajuzi wetu? Wanajua kila kitu.

Mimi nashona nguo za maharusi, kwa hiyo makaratasi ya kamati yananipitia mkononi. Nimeshika moja iliyoandikwa mahari laki tano, na pembeni kwa kalamu nyekundu: laki moja sasa, iliyobaki baadaye. Nikashuka chini kutafuta mstari wangu wa nguo, nikakuta mstari wa gari la maharusi. Laki nne na nusu, siku moja, imelipwa yote. Mwenye gari hakukubali ahadi. Mwenye gari anataka pesa yake kabla hajawasha injini. Anayeambiwa avumilie ni yule ambaye Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa aya ya 4, ameamrisha apewe mahari yake kwa moyo mkunjufu.

Najua mtaniambia mahari ya kuakhirisha ipo, na wanavyuoni wameiruhusu pande mbili zikikubaliana. Sikatai, wala siharamishi alichohalalisha Allah. Lakini mimi naona ruhusa ile inamfaa mtu ambaye hana. Huyu alikuwa nazo! Alikuwa na laki nne na nusu mfukoni, akachagua wa kumpa, na aliyemchagua si mkewe, ni mkodisha gari. Sasa nyie mnaojua bei ya taa ya Crown, niambieni mtu huyo mnamwitaje.

Na msidhani nitawabeba wanawake wenzangu. Wapo mabibi harusi wanaosema wazi kwamba gari dogo hawapandi, eti watu watasemaje. Mama zao ndio wabaya zaidi: anaweza kusamehe mkaja wake, lakini shangingi hasamehi, kwa kuwa jirani mwezi uliopita alilileta. Baba anauza magunia ya vitunguu au alizeti ambayo yangesubiri bei ipande, ili mwanawe akae kwenye kiti cha ngozi saa tatu. Saa kumi na mbili jioni dereva anatazama saa, maana kesho gari lina harusi nyingine Manyoni. Bibi harusi anapelekwa kwake usiku kwa bajaji, na hapo hakuna anayepiga picha.

Wanaojitetea kwa dini wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba ndoa imeamrishwa itangazwe, na msafara ni tangazo. Haya, twende Madina. Abdur-Rahman bin Auf alihama Makka akaacha mali yake yote, akaingia sokoni akaanza biashara, na akaja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa masahaba. Alipooa, Mtume (S.A.W.) alijua kwa kuona alama ya manukato ya rangi ya njano mwilini mwake. Hilo ndilo lililomfanya aulize. Na swali lililofuata halikuwa la kipando alichompandisha mkewe, lilikuwa la mahari aliyompa. Jibu: dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Hapo akaamrishwa afanye walima, hata kwa mbuzi au kondoo mmoja. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim, itafuteni. Tangazo la ndoa ni walima, dufu na mashahidi. Jirani wa Mandewa anayefungua dirisha kwa sababu ya honi hajatangaziwa ndoa, ameamshiwa mtoto tu.

Hoja ya pili ni kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Hii naipenda, kwa sababu wengi wanaoitaja hawajui ilitoka kwenye swali gani. Sahaba mmoja aliuliza kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, je, hicho ni kiburi? Nguo na viatu. Vitu vya mtu mwenyewe, vilivyo mwilini mwake. Akajibiwa kwamba uzuri hauna ubaya, na kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Rudini sasa barazani mkasikilize. Kijana anamcheka mwenzake kwa kiatu kilichotiwa soli mpya kwa fundi wa barabarani, na huku Mama Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Mnakataa haki ya mke na mnadharau mwenye kiatu cha kiraka, halafu mnatuletea hadithi ya uzuri.

Ndiyo maana mimi kwenye viatu siwagombezi. Kiatu kizuri nakitetea. Katika Sahih Muslim, Jabir amepokea kwamba Mtume, wakiwa kwenye msafara wa vita, alihimiza watu wawe na viatu vya kutosha, kwa sababu mtu akiwa amevaa viatu ni kama aliyepanda mnyama. Fikirini hilo mnaotafuta magari. Kipando chako cha kila siku kiko mguuni, ni chako, na hakuna dereva atakayekudai saa.

Bwana harusi anunue kiatu cha ngozi kweli, kimoja. Mkoa huu una ng'ombe na mbuzi wengi kuliko nitakavyoweza kueleza, ngozi zinatoka hapa zinapanda lori, na sisi tunanunua plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa kwa sababu ina jina la Kizungu kwa ndani. Kiwanda cha viatu kipo Karanga, Moshi, cha Jeshi la Magereza kwa ubia na mfuko wa PSSSF. Nanyi wa Unguja mna makubadhi, mnayaacha kwa watalii. Ukiwa dukani kikunje kiatu: ngozi inakunjika ikifanya mikunjo midogo kisha inarudi, plastiki inafanya mstari mmoja mkali ambao siku moja utapasuka papo hapo. Tazama soli kama imeshonwa au imebandikwa kwa gundi tu. Ingiza mkono ndani uguse bitana, pale kwenye kisigino. Fundi aliyeharakisha huharakisha hapo, na hapo ndipo mguu unapochubuka. Kiatu kilichoshonwa kinabadilishwa soli hata mara tatu. Atakivaa harusini, atakivaa Idi, atakivaa kwenye akika ya mtoto wenu, inshallah.

Bibi harusi naye jambo ni hilohilo, na hapa nazungumza kama fundi. Urefu wa gauni hupimwa ukiwa umevaa viatu vya siku yenyewe. Mabinti wanakuja kupimwa na ndala, wanasema viatu watanunua baadaye, kwa kuwa pesa bado inakusanywa ya gari. Wiki ya harusi anakuja na kisigino cha inchi nne, gauni linaning'inia, miguu nje, sitara imekwisha. Au anakuja na cha chini, anakanyaga pindo mpaka ukumbini. Pindo nililokwisha kata siwezi kulirefusha. Kiatu kinachokubeba saa nzima ya kusimama na kupokea wageni kinaachwa mwisho, na gari utakaloketi ndani yake dakika arobaini linalipiwa kwanza!

Mfungo Mosi unakuja na harusi zake. Walii wa binti, kabla kamati haijakaa kikao cha kwanza, sema mbele ya mashahidi kwamba mahari iliyotajwa kuwa taslimu ikabidhiwe mkononi mwa binti mwenyewe, wala isiingie kwenye daftari la mhasibu. Ikishakabidhiwa, vijana wakitaka kuchangishana wakodi Range Rover kumi, hiyo ni pesa yao na hesabu yao. Na wewe binti, ukipewa orodha ya mahitaji, soma mstari wa gari na mstari wa mahari kwa pamoja, uulize upi umelipwa.