Salamabila: picha ya ubongo isigeuzwe hukumu

Salamabila, katika eneo la Kabambare, kusini mwa Maniema, watu wengi wanabeba majeraha yasiyoonekana. Mapigano kuzunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya yamekimbiza familia, na shirika la MSF limewatibu huko wamama waliobakwa. Aliyepitia hayo akikosa usingizi au akishtuka ovyo, jirani husema tu: «Kichwa chake kimeharibika.»

Neno hilo sasa linatafutiwa nguvu ya sayansi. Picha za ubongo zenye rangi nyekundu na manjano, zilizopigwa kwa mashine ya IRM, husambazwa kama ushahidi kwamba vita huharibu ubongo wa mtu moja kwa moja. Wanaozitetea wanasema zinasaidia: zinaonyesha kwamba mama huyo ni mgonjwa, hakurogwa. Nia ni nzuri, lakini ushahidi wenyewe bado ni dhaifu.

IRM haipigi picha ya mawazo. Rangi zile hutokana na vipimo vya damu ndani ya ubongo, ambavyo kompyuta huvichambua kwa njia anayochagua mtafiti. Mwaka 2020, jarida la Nature lilieleza jinsi makundi 70 ya watafiti yalivyopewa data zilezile za watu 108. Hakuna makundi mawili yaliyozichambua kwa njia moja, na kwa baadhi ya maswali majibu yalipishana. Mwaka 2022, jarida hilohilo lilionyesha kwamba tafiti nyingi za kulinganisha ubongo na tabia au afya ya akili hupima watu wapatao 25 tu, wakati zinahitaji maelfu.

Mwaka 2018, watafiti walikusanya vipimo vya watu 1,868. Walikuta kwamba sehemu moja ya ubongo inayohusika na kumbukumbu ni ndogo kidogo kwa wagonjwa wa mshtuko wa vita na maafa. Lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kumpima nayo mtu mmoja, wala haionyeshi kama ilikuwapo kabla ya maafa.

Ushahidi ulio imara zaidi uko karibu. Katika vijiji vya Kivu, wamama 405 waliookoka ukatili wa kingono walifuatiliwa bila IRM yoyote. Wengine walipata msaada wa kawaida, wengine tiba ya mazungumzo katika vikundi, ikiongozwa na wasaidizi wasio madaktari. Kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2013, miezi sita baada ya tiba, dalili za huzuni kubwa au wasiwasi zilibaki kwa asilimia 9 ya waliokuwa katika vikundi, dhidi ya asilimia 42 ya wengine.

Kwa hiyo pesa ikipatikana kwa ajili ya Salamabila, ianzie kwa wasaidizi kama hao. Na mtafiti akija na picha zake, wakaaji wamuulize: ulipima watu wangapi, na nani amerudia kipimo hicho akapata jibu lilelile? Asipojibu, asimwambie mama yeyote kwamba ubongo wake umeharibika.