Nyumba ya Meneja Si ya Mkoloni Peke Yake

Imani iliyoenea Tanga na Pangani ni kwamba nyumba za mameneja wa mashamba ya mkonge, zilizojengwa enzi za Wajerumani na Waingereza, ni kumbukumbu ya mkoloni, na kwamba zikianguka wenyeji hawapotezi kitu. Imani hiyo ni potofu, kwa kuwa inamvika mkoloni sifa ya kazi ambayo mikono yake haikuifanya.

Tangu mwaka 1893, miche 62 iliyomfikia Mjerumani Richard Hindorf ilipopandwa Kikogwe karibu na Pangani, mkonge ulijengwa kwa jasho la wengine. Karibu na pwani, kuta nene za nyumba hizi, za mawe ya matumbawe na chokaa, pamoja na boriti za mikoko, zilitokana na ufundi ambao Waswahili walikuwa nao karne nyingi kabla ya Mjerumani kutia nanga. Aidha, nyumba yenyewe ni ushahidi: msingi ulioinuliwa na veranda pana vilimpa meneja upepo na kivuli, ilhali manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka bara na kutambuliwa kwa namba, walibanana kambini, karibu na korona, mtambo uliokwangua majani ya mkonge ili kutoa nyuzi. Nyumba ikibomoka, kambi hubaki vibanda visivyoeleza ni nani aliyemtawala nani.

Wala si uzee unaoziua. Nyuzi za plastiki ziliporomosha bei ya mkonge, ambao uzalishaji wake mwaka 1964 ulifikia takriban tani 230,000, na mashamba mengi yakatelekezwa. Bati likishang'olewa, mvua hupenya ukutani, chokaa ikalegea na boriti zikaoza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu, hivyo nyumba hizi hazina kinga mpaka zitangazwe rasmi, na hakuna atakayedai zitangazwe iwapo umma unaamini si zake.

Wanaohofia kwamba kuhifadhi ni kutukuza waitazame Ghana, iliyohifadhi ngome ya Elmina ili ukatili wa biashara ya watumwa usikanushwe. Serikali na wamiliki wa mashamba wana wajibu wa kuziorodhesha nyumba hizi, kuziezeka na kuandika ndani yake habari za manamba, kwa sababu dhuluma isiyo na ushahidi ni rahisi kukanwa.